Gurudumu la Uzi wa Kijani

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, Fundi alihesabu magurudumu yake yakawa matatu. Akahesabu tena, safari hii kwa kuyagusa kwa kidole, yakabaki matatu yaleyale. Jana jioni alipofunga karakana yalikuwa manne, yamelazwa moja juu ya jingine kwenye kona kavu, na kati ya moja na jingine pamewekwa kipande cha blanketi yasije yakakwaruzana. Fundi akavua kofia, akaivaa tena, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wala hayakuwa magurudumu ya kuokota. Yalikuwa yale ya spoku, ya magari ya zamani, yenye njiti nyembamba za chuma zinazosukwa kutoka katikati hadi kwenye rimu, njiti zaidi ya sabini kwa gurudumu moja. Yalipoletwa yalikuwa yameliwa na kutu hadi ukiyapangusa unabaki na unga mwekundu viganjani. Fundi na mkwe wake, mume wa binti yake, waliyafumua yote, wakayalowesha, wakayasugua, wakayapaka rangi ya fedha na kuyasuka upya. Kazi hiyo ilikula karibu miezi miwili, na Alhamisi hiyo ndipo yalikuwa yavalishwe matairi.

Mwenye gari ni mzee mmoja mshonaji, amestaafu, mtaa mzima unamwita Babu Cherehani. Gari lake ni la viti viwili tu, na gurudumu la akiba halina. Gurudumu lake la tano lilipotea zamani. Mkewe, Bibi, macho yanamzimika. Jumatatu alikuwa aingie hospitali kupasuliwa, na daktari hakumficha: huenda ataona, huenda giza litabaki palepale. Sasa, walipokuwa vijana, Babu alimwahidi kumpandisha kwa gari hilo hadi juu ya mlima, pale barabara inapokata kona na ziwa lote linaonekana. Gari likawafia njiani, wakarudi kwa miguu wakigombana, na tangu siku hiyo kila mwaka ilikuwa "mwakani." Safari hii hapakuwa na mwakani. Ilikuwa Jumapili au basi.

Ndiyo maana Fundi alikaa juu ya ndoo.

Saa moja na nusu aliingia dada yake mkubwa, na kikombe chake mkononi kama kawaida. Huyu ndiye Shangazi. Alikuwa mpelelezi wa polisi hadi alipostaafu, na hata wezi aliowafunga wanamwita Shangazi wakikutana naye sokoni. Chai anayo kwake, sukari anayo, lakini nyumbani kwake hakuna mtu wa kugombana naye, basi kila asubuhi anainywea karakanani kwa mdogo wake.

"Nani kagusa hapa?" aliuliza alipoelezwa.

Fundi akasema amegusa kwa kidole tu. Shangazi akamwambia hicho kidole akitie mfukoni.

Alianza na mlango. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Dirisha lina nondo, na nondo zilikuwa na utando wa buibui usioguswa. Funguo za karakana ni tatu: moja ya Fundi, moja ya Mkwe, na moja ya jirani yao mpaka rangi, kwa sababu wanachangia stoo ya nyuma. Juu ya mlango, kwa nje, limening'inia gurudumu bovu la spoku la gari la aina hiyohiyo, rimu yake imepinda kama sahani iliyokaliwa. Hilo ndilo bango la Fundi. La maandishi hana. Anasema anayejua atajua.

Kisha Shangazi akauliza ni gurudumu lipi hasa lililopotea. Fundi akajibu bila kusita kwamba ni la kijani. Karakanani kwake kila gurudumu hufungwa uzi wa rangi yake tangu siku linapofumuliwa, nyekundu, bluu, nyeupe na kijani, na njiti zake, rimu yake, pipa lake la kuloweshea, vyote hubeba uzi wa rangi hiyo. Njiti za gurudumu moja hazichanganywi na za jingine hata kwa bahati mbaya.

"Tena la kijani ndilo lililotakata kuliko yote," Fundi akaongeza kwa uchungu. "Kazi ya Mkwe, mwanzo hadi mwisho. Nilimsifu mbele ya watu."

Mkwe alikuwa amesimama karibu na jiliwa la kubania vyuma, anakunja na kukunjua kitambaa. Ni kijana mpole, mikono yake mizuri, na tangu apate mtoto wiki tano zilizopita macho yake ni mekundu kwa kukosa usingizi. Hakusema kitu. Lakini mbele ya baba mkwe wake huwa hasemi kitu hata siku za furaha, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Na kwenye rundo lilikaa wapi?"

"Chini kabisa."

Shangazi akayatazama yale matatu kwa muda. Blanketi zilikuwa mahali pake, kingo zimelingana. Akamwomba Fundi kijiko, akakoroga chai yake, akanywa. Kijiko hicho kina kazi mbili. Ya kwanza ni chai. Ya pili, gurudumu likishasukwa, Fundi hulizungusha taratibu akigonga njiti moja moja kwa kijiko hicho na kusikiliza. Iliyolegea inatoa sauti butu, iliyokazwa inalia. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kugonga. Mkwe amefanya kazi hapo miaka minne na hajawahi kukishika isipokuwa kukiosha.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa jirani mpaka rangi, ambaye wanamwita Rangi Mbili, kwa sababu ovaroli lake halijawahi kuonekana na moja. Alikuwa amegombana na Fundi wiki iliyopita. Alitaka apewe yeye kazi ya kuyapuliza rangi yale magurudumu, Fundi akakataa, naye akatangaza mtaani kwamba rangi ya Fundi itababuka kabla mwezi haujaisha.

"Ufunguo wako uko wapi?" Shangazi alimuuliza.

"Shingoni, Shangazi. Mke wangu ndiye kautundika, maana nikiutia mfukoni naufua."

"Ulisema rangi itababuka."

"Nilisema, na bado nasema. Sasa nikilificha gurudumu, likibabuka atajua nani? Mimi nayataka yote manne barabarani, yapite mbele ya kila mtu."

Shangazi akacheka kidogo. Mtu anayengoja kusema "si niliwaambia" haibi ushahidi wake mwenyewe. Akamwachia aendelee na kazi.

Wa pili alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, Chuma, aliyeonekana Jumatano magharibi akizunguka nyuma ya karakana na mkokoteni wake. Walimkuta saa tatu kwenye kona ya barabara. Juu ya mkokoteni kulikuwa na gunia, na chini ya gunia spoku zilichungulia. Fundi alilivuta gunia kwa mikono miwili. Lilikuwa gurudumu la pikipiki, tena na tairi lake lenye kiraka.

Chuma alikasirika, na haki yake. Akamwambia Shangazi kwamba yeye huuza kwa uzito, na kama angeingia mle ndani asingechukua moja la chini na kuyapanga mengine vizuri kama mtu anayetandika kitanda; angebeba yote manne na jiliwa juu yake. Nyuma ya karakana, alisema, huwa anaokota takataka tu. Wiki mbili tatu zilizopita aliokota pale dumu tupu la maji ya betri, yale makali yanayounguza, na ndilo hilo linaning'inia ubavuni mwa mkokoteni, analitumia kuwekea mafuta ya magurudumu.

"Asidi? Nyuma ya karakana yangu?" Fundi akaruka. "Hiyo ya Rangi Mbili, si yangu."

Mtaa mzima unajua jinsi Fundi anavyoichukia asidi. Mtu yeyote anayepita na kuuliza kwa nini asitumie asidi akamaliza kwa siku mbili anapewa hotuba. Molasi, ule urojo mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa, ukichanganywa na maji unakula kutu peke yake, polepole, wiki mbili au zaidi, na ukimaliza kutu unaacha chuma salama. Asidi haijui kushiba. Ikimaliza kutu inaingia ndani ya chuma chenyewe. Chuma kinene kitavumilia, lakini njiti nyembamba inayovutwa mchana na usiku inakauka, haipindi tena, na siku ikielemewa inakatika. Ikikatika moja, jirani yake anabeba mzigo wa mbili. Hotuba huisha kwa maneno yaleyale: atakayevusha asidi kizingiti hiki aondoke na zana zake, awe nani.

Shangazi alilinusa lile dumu, akalirudisha, akamshukuru Chuma kwa adabu.

Saa sita mchana alikuja Babu Cherehani mwenyewe na binti yake, nesi, aliyetoka zamu ya usiku na nguo za kazi bado mwilini. Huyu ndiye aliyekuwa na sababu iliyo wazi. Tangu mwanzo alipinga safari. Alisema baba yake ana miaka themanini, breki za gari lile zinaamua zenyewe, na mlima hauna haraka. Fundi alimtazama kwa jicho ambalo lilishamhukumu.

"Nesi, umesikia," Shangazi alisema. "Nikikuuliza, utakasirika?"

"Uliza tu, Shangazi. Hata mimi ningejishuku. Lakini ningetaka kumzuia Baba ningeficha miwani yake. Nilishawahi."

"Kumbe ni wewe," Babu akasema.

"Ni mimi. Na nikaona anavyohangaika nikairudisha." Nesi akanyamaza, kisha sauti ikabadilika. "Mama ameshatoa gauni lake la bluu, Shangazi. Lile la zamani. Asubuhi nimemkuta analipiga pasi kwa kupapasa. Mimi siipingi tena hiyo safari. Nitawafuata nyuma kwa gari langu, basi."

Babu Cherehani alisema kwa upole kwamba hata kwa mkokoteni wa Chuma atampandisha. Lakini alipogeuka kutoka alishika fremu ya mlango kwanza, na Fundi aliona, na roho ikamuuma kuliko angetukanwa.

Watu walipotawanyika, Shangazi alimtuma mdogo wake akanunue maandazi ili akae peke yake. Alitaka kufikiri, na Fundi akiwa karibu kufikiri ni kazi. Chuma amesema kweli: mwizi angechukua yote. Nesi angetaka kuzuia safari, lolote lingemtosha, na la juu ndilo jepesi. Lakini huyu aliondoa matatu, akachukua la chini, akayarudisha matatu na blanketi zake. Hakutaka gurudumu. Alitaka hilo gurudumu. Na kwa macho yote manne yalikuwa sawasawa, yamepakwa siku moja kwa rangi moja. Basi la kijani lilikuwa na nini?

Akaenda ua wa nyuma yalipo mapipa manne ya molasi, kila moja na uzi wake kwenye mpini. Fundi hamwagi molasi hadi ichoke kabisa, kwa hiyo yalikuwa bado yamejaa, yamefunikwa mabati. Shangazi alichukua fimbo, akaitumbukiza kwenye pipa la uzi mwekundu hadi chini, akaivuta. Ilitoka na tope zito jeusi, tope la kutu. La bluu vilevile, na la nyeupe vilevile. Akafunua la kijani, akatumbukiza, akakoroga, akavuta. Fimbo ilitoka inanata, kahawia safi, tamu ya kulambwa, na sisimizi wakaanza kuipanda kabla hajaiweka chini.

Kisha akafunika mapipa, akanawa mikono, na Fundi aliporudi na maandazi akamwambia anakwenda kumwona mtoto.

Nyumba ya Mkwe haiko mbali. Saa kumi na moja jioni binti ya Fundi alimfungulia, mtoto begani, akamkaribisha kwa furaha ya mtu ambaye kutwa nzima hajaongea na mtu mwenye meno. Shangazi alimpokea mtoto, akamsifia mashavu, akasikiliza habari za choo chake kwa makini. Kitanda cha mtoto kilikuwa sebuleni, kimebanwa kati ya kabati na meza.

"Mbona kitanda huku?"

"Baba yake anapaka rangi chumba cha mtoto, Shangazi. Kaanza jana usiku, eti hana usingizi. Kasema tusifungue mpaka wiki ijayo, harufu mbaya kwa mtoto."

"Mume mwema," Shangazi akasema.

Alipita mbele ya mlango wa chumba hicho akienda kunawa mikono. Harufu ilikuwepo, ndogo, ikitokea chini ya mlango. Lakini hakukuwa na tone la rangi sakafuni, wala kopo, wala brashi, na Shangazi aliijua harufu hiyo kwa sababu ameinywea chai wiki nzima. Ilikuwa rangi ya fedha ya magari. Hakufungua mlango. Alirudi, akambusu mtoto, akaaga.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, aliwaita wote karakanani. Alikuwepo Fundi, Mkwe, Rangi Mbili, Chuma aliyekuja kwa kutaka kuona mwisho wake, Nesi, Babu Cherehani, na Bibi aliyeshikwa mkono na mumewe, kichwa amekiinamisha kidogo upande kama watu wanaosikiliza zaidi ya kuona. Wakamweka kwenye kiti pekee chenye mgongo.

Shangazi aliwapeleka uani. Akatumbukiza fimbo kwenye mapipa matatu, akawaonyesha tope. Akatumbukiza kwenye la nne.

"Mdogo wangu, hii ni nini?"

Fundi aliitazama fimbo, akaichukua, akainusa, akaipitisha kidole. "Hii molasi haijawahi kuona kutu," alisema taratibu. "Hapa hakijaloweshwa kitu."

"Na la kijani lilitakata kuliko yote. Wewe mwenyewe ulisema. Kutu yake ilikwenda wapi?"

Chuma alilitazama dumu lake ubavuni mwa mkokoteni, akafungua mdomo, akaufunga.

"Aliyelichukua hakuwa na haja ya gurudumu," Shangazi aliendelea. "Angekuwa na haja angechukua la juu. Alilichagua la chini kwa sababu alijua kitu ambacho rangi imekifunika, na anayejua hicho ni yule aliyelisafisha tu. Ana ufunguo. Ana mikono inayorudisha blanketi mahali pake hata ikiwa inaiba, kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa hapa." Akageuka. "Mkwe, mwanangu. Nikufuate nyumbani, au utalileta mwenyewe?"

Mkwe alitoka. Hazikupita dakika kumi akarudi amelikumbatia, limefungwa shuka la mtoto lenye picha za bata. Akaliweka juu ya meza, akafungua shuka, na gurudumu likang'aa pale mbele yao, zuri kuliko yale matatu. Uzi wa kijani ulikuwa bado umefungwa.

"Siku ya kulowesha," alianza, akisema na meza, "nilikuwa na njiti za kijani mkononi simu ilipoingia kwamba mama mtoto kashikwa na uchungu. Nikazisukuma nyuma ya rafu pamoja na rimu, nikafunika pipa, nikakimbia. Baada ya hapo sikukumbuka. Baba, sikukumbuka hata kula. Siku ya kufungua mapipa wewe ulikuwa umewapeleka mama na mtoto kliniki. Nimetoa nyekundu, bluu, nyeupe, nafunua la kijani, molasi tupu. Nikalikuta nyuma ya rafu na kutu yake yote, na wiki mbili nyingine hatuna."

"Ukatia asidi," Fundi alisema.

"Nikatia asidi. Uani, kwenye beseni, siku mbili. Nikajiambia kizingiti sijakivusha." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Ukanisifu. Nikashindwa pa kuanzia. Halafu Jumatano jioni nilikuwa na njiti moja ya kijani niliyoibadilisha kwa ile moja ya akiba kwa sababu imepinda. Nikasema niinyooshe, nisiitupe. Ikakatika mkononi. Nikachukua kipande kilichobaki, kikakatika tena. Ndipo nikaona kona za ule mlima."

"Si ungesema?" Nesi akamuuliza.

Mkwe alimtazama baba mkwe wake kwa mara ya kwanza. "Nina mtoto wa wiki tano, na Baba alishasema mwenye asidi aondoke na zana zake. Nikasema nilifiche, waseme limeibwa, mimi nitafute njiti nyingine kimyakimya hata mwezi ukipita. Nilijua namnyima Bibi Jumapili yake. Nilijua. Nikasema bora aukose mlima kuliko akose kurudi."

Fundi alichukua spana ndogo, akafungua njiti moja ya lile gurudumu, akaichomoa, akaishika ncha mbili na kuipinda kidogo tu, kiasi ambacho njiti nzima hupinda na kurudi. Ikakatika. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, lakini Bibi aliisikia kutoka kwenye kiti chake na akaweka mkono kifuani.

Fundi akakaa tena juu ya ndoo yake. Uso ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kupeleka hasira na kila mlango anaukuta umefungwa. Dada yake alimsubiri kidogo, kisha akamwambia, si kwa ukali.

"Mdogo wangu, umekuwa mkali mpaka mtu anaona afadhali awe mwizi kuliko akwambie amekosea. Hilo nalo litazame."

Aliyesema ni Babu Cherehani, ambaye alikuwa akiligeuzageuza gurudumu kwa vidole vyake virefu vya ushonaji.

"Huu ni mshono mbovu, basi," alisema. "Mshono mbovu unafumuliwa. Njiti zinapatikana wapi?"

"Za kuagiza," Mkwe akasema. "Mwezi na zaidi."

Fundi akainua macho. Akayainua zaidi, hadi juu ya mlango, kwenye bango lake, lile gurudumu bovu la gari la aina hiyohiyo lenye rimu iliyopinda. Rimu ilikuwa imekufa. Njiti zake zilikuwa nyekundu kwa kutu, lakini asidi hazikuijua. Alilitazama kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa pale kabla ya mkewe, kabla ya binti yake, kabla ya kila kitu.

"Mkwe," alisema. "Lete ngazi."

Mkwe hakusogea. Alikuwa bado anangoja kuambiwa azikusanye zana zake.

"Ngazi, baba. Unangoja nini? Una mtoto wa kulisha na mimi nina kazi ya watu."

Kulowesha hakukuwa na nafasi, kwa hiyo kutu ilitolewa kwa mikono. Ijumaa yote kila aliyekuwepo alipewa msasa, brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta. Rangi Mbili alisugua, Chuma alisugua, Nesi aliyepaswa kuwa amelala alisugua. Njiti iliyokamilika ilipelekwa kwa Bibi. Alizipitisha kati ya vidole moja moja, kutoka kichwa hadi ncha, na penye chembe ya kutu ambayo hakuna jicho lililoiona alisema, "Hii bado," akairudisha. Alimrudishia Shangazi njiti moja mara tatu, hadi Shangazi akauliza kama ana kesi naye. Rimu na sehemu ya katikati za lile la kijani, kwa kuwa chuma chake ni kinene na laini, Fundi alizikagua akaziona salama. Njiti zikaoshwa mafuta, na jioni Rangi Mbili alizipuliza rangi yeye, kwa ombi la Fundi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumwomba kitu tangu wajuane.

Jumamosi Fundi na Mkwe walisuka. Babu Cherehani alikaa pembeni akiwapitishia njiti, ya juu, ya chini, ya juu, na kudai huu ni ushonaji tu ila uzi wake mnene. Alasiri gurudumu lilisimama kwenye mhimili wake, linazunguka bila kuyumba. Fundi akachovya mkono ndani ya kikombe cha dada yake, akatoa kijiko, akakifuta kwenye suruali, akamnyooshea Mkwe.

"Gonga wewe. Mimi nasikiliza."

Mkwe aligonga. Njiti ya kwanza ililia, ya pili ikalia, ya saba ikatoa sauti butu, akasimama mwenyewe bila kuambiwa, akaikaza, akagonga tena. Fundi alikuwa amefumba macho. Shangazi alikoroga chai yake kwa bisibisi na hakulalamika, jambo ambalo linastahili kuandikwa.

Jumapili saa tatu asubuhi gari lilitoka, Babu kwenye usukani na miwani yake usoni, Bibi pembeni na gauni la bluu, Nesi nyuma yao na gari lake, amewasha taa zote kama msafara wa rais. Waliobaki walikaa mbele ya karakana isiyo na bango, wakijifanya wanazungumza. Fundi alisimama, akakaa, akasimama. Mkwe hakukaa kabisa. Alikuwa na mtoto begani na macho barabarani, na kila gari lililopita alilisikiliza magurudumu.

Saa saba na dakika chache wakarudi. Kabla Babu hajazima injini, Mkwe alishampa Shangazi mtoto na kupiga magoti kwenye gurudumu la uzi wa kijani. Akapitisha kiganja juu ya njiti zote, akazunguka upande wa pili, akapitisha tena. Hakuna iliyolegea. Akabaki amepiga magoti pale, kichwa chini, hadi Bibi alipoufungua mlango mwenyewe na kumtafuta kwa mkono, akamgusa bega.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi. Samahani, Bibi."

"Inuka. Ziwa nimeliona," alisema. "Lina mng'ao tu, sikupata mengi. Lakini njia nzima jua lilikuwa linampiga huyu usoni, nikamwangalia yeye. Yeye nimemwona vizuri."

Babu Cherehani alizima injini. Alivua miwani akaanza kuifuta na shati, na aliifuta kwa muda mrefu, hadi Nesi akaja akaichukua na kumfutia.